Mji wa Jiko Moja

"Mji wa jiko moja hula kwa ruhusa." Mmeisikia leo kwa mama yenu mdogo, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, acheni kucheka, sogeeni. Ilianza hivi.

Huku kwetu Upare, zamani za nyumba za nyasi, aliishi mama mmoja mjane, jina lake Nakijwa. Kiangazi kimoja nyumba tatu ziliungua katika mji wao. Jumbe Senkondo akakusanya watu, akasema kwa upole kwamba tangu siku hiyo moto utawaka kwake tu, chini ya walinzi. Kila mtu alete vijiti vyake vya kupekechea moto vichomwe. Atakayetaka kupika aje na kigae apalie makaa, bure. Watu walishukuru kweli. Nakijwa ndiye aliyepiga vigelegele virefu kuliko wote, na vijiti vyake alivipeleka mbio, asije akaonekana wa mwisho.

Mwanzoni makaa yalitolewa vizuri tu. Baadaye ikawa huyapati mpaka ulime kwanza shamba la jumbe. Kisha aliyenung'unika barazani akawa anarudi nyumbani na kigae kitupu, na wanawe wanatafuna mahindi mabichi. Watu wakajifunza kufyata ndimi.

Kipupwe kilipoingia, Namkunda, binti yake Nakijwa, akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Baridi ya milimani mnaijua. Kitoto kikaanza kupoa mikononi. Nakijwa akachukua kigae, akaenda kwa jumbe.

"Baba Jumbe, naomba makaa. Mjukuu wangu anapoa."

"Pole, mama. Mkweo Mbonea alisema nini juzi barazani?"

"Alisema shamba lako limekuwa kubwa mno."

"Basi aje apige magoti, aseme si kubwa. Makaa yapo."

"Mbonea yuko safarini, Baba. Atarudi keshokutwa."

"Basi keshokutwa," alisema jumbe, wala hakukasirika.

Nakijwa alirudi analia, akijilaumu kwa vile vijiti alivyovipeleka kwa miguu yake mwenyewe. Akachomoa ukuni mkavu darini, akachonga kijiti, akapekecha. Viganja vikachubuka, vikatoa damu, naye anapekecha tu, huku Namkunda amemkumbatia mtoto kifuani akimwambia, "Mama, haraka." Ukatoka moshi, zikatoka cheche, moto ukashika. Kitoto kikapata joto, kikalia. Wajukuu zangu, kitoto kile ndicho kilichokuja kumzaa bibi yangu mimi. Sijawahi kuwasha moto nisimshukuru yule mama.

Moshi hauna siri. Majirani wakaja na vigae vyao. Walinzi nao wakaja kuuzima moto, wakakuta mlango umejaa watu, na wake zao wenyewe wamo. Wakageuka wakaenda zao.

Watu walimshukuru Nakijwa hadi machozi. Mzee mmoja, Kiondo, akasema, "Mama, wewe una huruma. Tangu leo moto wa mji ukae kwako. Tutapalia hapa."

Wote wakaitikia, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Nakijwa akawanyamazisha kwa mkono unaovuja damu.

"Ahsanteni, wanangu. Mmenipa heshima nisiyoistahili. Lakini kaeni chini, kila mtu achonge vijiti vyake. Aliyesahau kupekecha nitamfundisha."

"Kwani unatukatalia nini?" Kiondo akauliza. "Wewe si Senkondo."

"Senkondo naye alikuwa mwema siku ile nilipompigia vigelegele. Leo nawahurumia, je, kesho mkiniudhi? Chonga, baba. Mji wa jiko moja hula kwa ruhusa, hata mwenye jiko awe mama yako."