Samaki Watatu wa Zefania

Mtu mmoja alikuwa na shamba la tangawizi na mdogo wake mmoja tu. Mtu huyo aliitwa Zefania, mdogo wake Elinami, na wote wawili waliishi juu katika milima ya Upare, ambako maji hayamwagwi ovyo. Huko kijito hujaza bwawa la udongo ambalo wenyeji huliita ndiva. Asubuhi mwenye zamu huvuta gogo lililoziba tundu, na maji huteremka mferejini hadi shambani kwake. Zamu ya Zefania ilikuwa Jumanne. Jumanne moja, katika mwaka wa ukame, alifika akakuta ndiva tupu. Elinami alikuwa amemtangulia na kunyweshea mahindi yake. Tangawizi ya Zefania ikakauka yote, hata ya mbegu.

Elinami hakukana. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema amekosa, kwamba aliyaona mahindi ya watoto wake yakinyauka na akili ikamruka. Zefania akajibu mbele ya watu wote kwamba amemsamehe. Alisema hivyo kwa utulivu na hakudai fidia. Watu walimsifu, naye alistahili, kwa kuwa wengine kwa kosa kama hilo walikwisha kukatana mapanga.

Lakini tangu siku hiyo, kila Jumanne, Zefania aliwahi ndivani kabla ya wote akaketi juu ya lile gogo mpaka jua litoke. Wapita njia walimtania. "Mzee Zefania, umeatamia? Unaangua lini?" Naye alijibu kila mara kwa maneno yale yale: "Nimemsamehe, lakini macho ninayo." Jibu hilo lilimfikia Elinami kwa vinywa vingi. Mwaka wa kwanza alihama benchi lake kanisani, akawa anaketi nyuma karibu na mlango. Mwaka wa pili aliacha kuja kwenye vikao vya ukoo. Mwaka wa tatu alipata shamba tambarare, mbali huko Handeni, akasema mavuno yakiisha atahamisha watoto na vyombo, wala hatarudi mlimani. Zefania alipoletewa habari hizo alikunja mikono kifuani. "Mimi nilimsamehe," alisema. "Sasa anakimbia nini?"

Mwaka huo binti yake Namsifu, aliyekuwa muuguzi huko Uskoti, alimtumia tiketi ili apumzike kwake wiki tatu. Zefania hakuwa amewahi kupumzika, hivyo hakujua kunafanywaje. Kufikia siku ya nne alikuwa amepalilia bustani yote ya nyuma ya nyumba, na maua ameyang'oa pamoja na magugu. Ndipo Namsifu alipompeleka kwa jirani, Bi Morag, mjane wa miaka sabini na mitano aliyetumia uzee wake kuvua trauti. Huyo ni samaki wa mito ya baridi, mwenye madoa ubavuni, mwepesi wa kushtuka. Katika sehemu ile ya mto desturi ilikuwa moja: ukimvua, unamwachia.

Siku ya kwanza mtoni Zefania alikaa ukingoni na binti yake akatazama. "Namsifu mwanangu, yaani mtu anatoka kwake, anasimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi, anapata kitoweo, halafu anakiambia kwaheri?"

"Ndiyo, baba."

"Na akili zake ni timamu?"

Bi Morag aliuliza mgeni amesema nini. Namsifu akamwambia, "Anausifu mto."

Lakini siku zilivyokwenda Zefania alianza kuusifu kweli, na mwanamke yule zaidi. Alikuwa mkulima, na mkulima anamjua mtu anayeifanya kazi yake sawasawa. Bi Morag hakuingia majini kabla ya kuketi robo saa nzima akiutazama mto. Ndoano alizifunga mwenyewe kwa manyoya ya ndege, zikafanana na wadudu wale wale waliokuwa wakiruka juu ya maji asubuhi ile. Alipanda dhidi ya mkondo, hatua moja kisha anatulia, kwa kuwa trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Na kila alipompata samaki alitumbukiza kwanza mikono yake yote miwili mtoni. Zefania aliliona hilo. Alidhani ananawa.

Siku ya tisa naye alipewa ufito wa kuvulia. Bi Morag alivua juu kidogo, kwenye kona ya mto, akamwacha na Namsifu. Kabla ya adhuhuri Zefania alikuwa amevua trauti watatu. Kila mmoja alimfanyia heshima ile ile. Kwao Upare mtu hampi mwenzake mkono wenye maji. Ukiwa umelowa, unamnyoshea kifundo cha mkono akishike hicho. Kwa hiyo Zefania alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta kidole kwa kidole mpaka mikono ikawa mikavu kabisa, ndipo akamshika samaki. Aliitoa ndoano polepole asimuumize, akamteremsha majini kama anayelaza mtoto. "Haya bwana, nenda salama." Na samaki aliondoka kwa nguvu.

Bi Morag alirudi akamkuta na yule wa tatu. Alikiona kitambaa. Akauliza kama wote walishikwa hivyo, akaambiwa wote. Hapo akasema neno ambalo Namsifu alisita kulitafsiri.

"Sema tu, mwanangu," baba yake alimwambia.

"Anasema hukuwaachia, baba. Umewaua polepole, mahali usipowaona."

Kisha akamweleza yaliyobaki. Samaki amevaa ute mwembamba, na ute huo ndio nguo yake. Mkono mkavu humvua nguo hiyo hata ukiwa wa upole namna gani. Anaondoka akiwa na nguvu, nawe unakwenda nyumbani umeridhika. Baada ya siku chache ukungu unamshika ngozini, anajitenga kwenye shimo lenye kiza chini ya mwamba, anakufa. Ukitaka aishi, sharti mkono wako ulowe kwanza kwa maji yale yale anayoishi yeye. Bi Morag alisema kosa ni lake, kwa kuwa alidhani mtu aliyegawana maji maisha yake yote angelijua hilo.

Zefania aliuweka ufito chini, akaketi juu ya jiwe. Hakuvua tena. Jioni wakiwa mezani aliuliza jambo moja tu: huko nyumbani mavuno yamefikia wapi? Namsifu akasema mama alipiga simu, yamebaki mashamba machache. Zefania akamwomba ambadilishie tiketi.

Alifika mlimani Jumatatu, alasiri. Mlangoni kwa Elinami palikuwa na magunia yaliyokwisha fungwa kamba, na sufuria zikionekana katika mojawapo. Zefania hakuyauliza magunia. "Mdogo wangu," alisema, "kesho ni zamu yangu. Naomba unifungulie."

Elinami akamtazama. "Na wewe utakuwa wapi, kaka?"

"Nitakuwa nimelala."

Na Jumanne hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Zefania alikuwa mlimani na gogo la ndiva halikukaliwa na mtu. Zefania alibaki kitandani, macho juu ya dari, akisikiliza. Mkewe alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Jua lilitoka, na mfereji ulikuwa bado kimya. Zefania hakuinuka. Kisha maji yakasikika, kwanza kidogo, halafu mengi, yakipita nyuma ya nyumba kuelekea kwenye tangawizi.

Baadaye Elinami alipandisha njia kutoka ndivani. Alikuwa na tope hadi viwikoni na viganja vyake vilidondosha maji. Alimkuta kaka yake amesimama uani, akamnyoshea kifundo cha mkono, kama ilivyo adabu. Zefania alikiacha kifundo. Aliteremsha mkono akakishika kiganja chenyewe, na tope lake na maji yake, hakukiachia mpaka na cha kwake kikalowa.

Magunia yalifunguliwa wiki ile, na Jumapili Elinami aliketi kwenye benchi lake la zamani. Zefania alikuwa na miaka sitini na minane. Si wengi wanaokubali kufundishwa upya kushika wakiwa na umri huo.

Na wewe, yule uliyemwachia mbele ya watu, akaenda zake nawe ukaridhika, ulikuwa umeulowesha mkono?