Ngedere na Nusu ya Kihenge

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia, au mmekwisha lala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto sogeeni mbele, wakubwa kaeni nyuma yao, mwenye mgongo aegemee ukuta.

Hapo zamani za kale, Mungu alipokuwa amewapa wanyama wote kauli, palikuwa na mchezo. Ulichezwa kwa tunda la mvungunya, lile refu, gumu, lisilovunjika hata likianguka juu ya jiwe. Timu mbili zinasimama uwanjani. Ukilipitisha tunda ng'ambo ya kichuguu cha wenzako, umepata bao. Wakikuangusha njiani, hujapata kitu.

Kila timu ina mrushaji mmoja. Anashika tunda, anatazama, anarusha. Mwenzake aliye mbali anadaka, anakimbia. Na mbele ya mrushaji unasimama ukuta. Ukuta ni wanyama wazito, kazi yao kuzuia adui asimfikie mrushaji. Mrushaji anaimbwa. Ukuta hauimbwi.

Timu iliyoshinda msimu, watu wa kwao ndio wanaokunywa kwanza kisimani kiangazi kikiingia. Wa mwisho wanakunywa tope. Na timu ya Bondeni, wanangu, ilikuwa imekunywa tope tangu enzi za babu zao.

Sasa sikilizeni sheria. Kila timu ilipewa kihenge kimoja cha mtama kwa msimu mzima. Vihenge vyote vilisukwa na ndege mnana, vyote upana mmoja, vyote kimo kimoja. Wachezaji wote wa timu wanakula humo humo. Kuongeza hata konzi moja hairuhusiwi. Tembo ndiye mwamuzi, anapita anakagua, na mkonga wake unanusa mtama wa wizi kutoka mlima wa pili.

Bondeni walikuwa na Ngedere. Mkono wa Ngedere ulikuwa neema ya Mungu tupu. Akirusha, vuuu, tunda linakwenda linazunguka, linakwenda linazunguka, linamtulia mdakaji wake Swala kifuani kama mtoto aliyelala. Bonde zima linaimba:

Rusha, Ngedere, rusha,
tunda lifike.

Na Ngedere alipenda kuimbwa. Nani hapendi?

Siku ya kugawa mtama ilikuwa na desturi yake. Kila mchezaji anakuja mwenyewe, anachungulia ndani ya kihenge, kisha anataja fungu lake mbele ya wenzake. Mama Kanga, mtunza kihenge, anapima. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Lakini mwaka ule Ngedere hakwenda. Alimtuma Mbweha.

Mbweha alikuwa wakala. Kazi yake kuwasemea wengine, na katika wanachopata, naye anakatiwa chake.

"Kaka Ngedere," alisema Mbweha, "mrushaji wa timu ya Fisi wamempa theluthi ya kihenge. Umeuona mkono wake?"

"Nimeuona."

"Kama mtu anafukuza nzi. Wewe unachukua nusu."

"Nusu? Na wenzangu je?"

"Wenzako wanaimbwa?"

Kitu kilimchoma Ngedere moyoni, akakiambia kitulie. Kikatulia.

Mbweha akafika kihengeni, hakuchungulia, akasema, "Nusu. La sivyo kesho anachezea Fisi." Mama Kanga alifikiri tope, alifikiri wimbo, akapima nusu.

Baadaye akaja Nyati, nguzo ya ukuta. Akachungulia.

"Mama Kanga, huu uliobaki ni wa nani?"

"Wenu nyote."

"Sisi tuko wengi, Mama."

"Najua, mwanangu."

Nyati akageuka, akaenda kwa Fisi. Akaja Ngiri. Akachungulia, akarudi kwao kuchimba mizizi. Wazito wote wakaondoka mmoja mmoja. Ukuta ukabaki na Digidigi, na Sungura, na Nungunungu mmoja mzee anayeumwa kiuno.

Msimu ukaanza. Ngedere akashika tunda, akatazama. Kabla hajamwona Swala, Digidigi aliyepigwa kumbo na adui akampita juu ya kichwa kama jani la mgomba. Puu! Ngedere chini. Akainuka, akashika, akatazama. Puu! Chini tena. Bonde likaanza wimbo, likafika "rusha", likanyamaza.

Upande wa pili shabiki mmoja akaita, "Nusu kihenge, inuka basi, mtama utapoa."

Wakacheka mpaka wakaketi.

Mechi ya pili ikawa hivyo hivyo. Swala akamjia pale chini. "Ndugu yangu, mimi nakimbia, nafika, nageuka nidake. Ninachoona ni miguu yako juu."

Ngedere akamwendea Mbweha huku anachechemea. "Wakala, nisemee. Waambie wazito warudi."

Mbweha alikuwa anatafuna mtama. "Mimi nasema penye kihenge, kaka. Uwanjani kila mtu anajisemea."

Asubuhi Ngedere akaenda kwa Mama Kanga. "Mama, nunua ukuta mwingine."

"Ninunue kwa kitu gani? Ingia uone."

Ngedere akapanda, akaingia ndani ya kihenge. Miaka yote alikichungulia kutoka juu tu, kikubwa, kimejaa, kama mlima. Akashuka. Akashuka tena. Miguu yake ikagusa sakafu, na mtama ukamfika vifundoni tu.

"Mama Kanga, mbona umebaki huu?"

"Wenzako waliobaki wamepimiwa mafungu yao. Wewe ulidhani nusu ni nini?" Sauti ya Mama Kanga ikavuma humo ndani.

Ngedere akaketi chini kabisa. Kile kitu alichokiambia kitulie kikaamka, kikamchoma barabara. Akafunika uso, akasema taratibu, "Ee Mola, nimeula ukuta wangu mwenyewe." Kisha akatoa kichwa nje.

"Naweza kurudisha?"

"Uliokula umekwenda. Aliokula Mbweha umekwenda. Ulio bado kwako unaweza kurudisha, sheria inakubali. Huo utapewa tena msimu ujao, kama mkono wako bado mzima."

"Na ukivunjika?"

"Basi hupewi kitu. Usije ukasema sikukwambia."

Ngedere akautazama mkono wake. Akaenda nyumbani, akarudi na pakacha la kwanza. Akarudi na la pili. Akabeba mchana kutwa, na hakuimbwa. Alijibakizia mtama wa kumfikisha mwisho wa msimu, basi. Mbweha alipopita akamwona, aligeuza njia kama mtu aliyesahau kitu.

Kisha Ngedere akamfuata Ngiri. Alimkuta amepiga magoti, kama Ngiri wote wanavyopiga magoti wakichimba.

"Shikamoo, kaka Ngiri."

"Marahaba. Wakala yuko wapi?"

"Nimekuja na mdomo wangu."

"Basi huo mdomo usiutumie hapa. Kautumie pale ulipotakiwa kusema."

Wakaenda kihengeni, na timu yote ikaitwa. Ngedere akasimama katikati, mkia umelala. "Nilitaja fungu bila kuchungulia. Tena nilijua mtakosa. Nilijua, nikajifanya sijui. Nimewakosea, na Mungu nimemkosea, maana mkono huu ni wake. Nisameheni."

Mzee Nungunungu akakohoa. "Mimi nimekusamehe. Kiuno changu bado kinafikiria."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Ngiri hakucheka. Akachungulia kihengeni, akachungulia vizuri, akainua kichwa. "Fungu langu kama la zamani. Na dada zangu wawili waje, kila mmoja na lake."

Mama Kanga akapima. Ukatosha.

Toka siku ile, Bondeni hawakushikika. Ngiri mbele, dada kulia, dada kushoto. Adui anakuja mbio, anagota, gotii, anarudi nyuma akishangaa. Ngedere anatazama, anarusha. Vuuu. Swala huyo. Wakawashinda Nyani, wakawashinda Pundamilia, wakawashinda wale wa mtoni wanaojidai. Mpaka ikabaki mechi ya mwisho, Bondeni na Fisi, na kisima ndicho kinachogombewa.

Walilingana mabao mpaka jua likaanza kugusa miti. Tembo akainua mkonga, maana yake rusho la mwisho. Mbele ya Ngiri akasimama Nyati.

"Umerudi kwa huyo?" Nyati akauliza.

"Alikuja mwenyewe."

"Alisema?"

"Alisema mbele ya watu."

Nyati akapumua kwa pua. "Amefanya vizuri. Lakini leo nakuja na pembe zote mbili."

"Njoo nazo, ndugu yangu."

Nyati akaja. Ardhi ikasema tif, tif, tif. Ngiri hakumkimbia wala hakumrukia. Alipiga magoti, akaingiza meno chini ya kifua cha Nyati, akakaa. Nyati akasukuma. Ngiri akaburutwa, kwato zikachimba mfereji, vumbi likapanda, dada zake wakamwegemeza ubavuni. Nyati akasukuma tena. Ngiri akakaa.

Nyuma yao Ngedere alisikia mifupa inalia, na hakuna aliyemgusa. Akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Akapata nafasi ya pili. Akasema "Bismillahi", akarusha.

Vuuuuu.

Tunda likapita juu ya Nyati, likapita juu ya Fisi waliotoa macho, likazunguka, likazunguka. Swala akaruka, akalidaka hewani, akatua ng'ambo ya kichuguu.

Bao!

Bonde likalipuka. Ngoma zikalia, vigelegele vikapanda mpaka tai wakahama. Watu wakamnyanyua Ngedere mabegani. Naye akajikwamua, akashuka, akamwendea Ngiri aliyekuwa bado amepiga magoti vumbini, akaanza kuimba mwenyewe, na sauti yake, niwaambie ukweli, haikuwa nzuri:

Kaa, Ngiri, kaa,
tunda lifike.

Bonde lote likaitikia. Hata Nyati alionekana kichwa kinamcheza.

Kiangazi kilipoingia, Tembo akaita, "Bondeni, tangulieni." Wakashuka kisimani, wazee kwa watoto. Maji yalikuwa yametulia, safi, hayajaguswa na mdomo wa mtu. Wakamtanguliza Mama Kanga. Akainama anywe, akarudi nyuma kwa kishindo.

"Kuna nani humo?"

"Ni wewe, Mama," alisema Ngedere.

Mama Kanga akasogea taratibu, akatazama. Maisha yake yote alikuwa amekunywa tope, na tope halimwonyeshi mtu uso. Akageuza shingo huku, akageuza kule.

"Kumbe nina kilemba," akasema.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, maana yake ni hii: ukiwa na kipaji, Mungu amekupa. Kabla hujataja fungu lako, nenda mwenyewe ukatazame chombo mnachokula na wenzako. Na ukiwa umekosea, rudisha, ukasema mbele ya uliowakosea.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Mwenye kiu akanywe, mwenye usingizi akalale.