Bi Kanga na Pilipili za Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni. Hapo kale, watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani, palikuwa na Bi Kanga, kibarua katika shamba la pilipili la Fisi. Alichuma tangu umande mpaka magharibi. Shambani hapakuwa na kivuli wala maji ya kunawa. Ujira wake ulikuwa kibaba cha mtama, na Fisi alipokipima, alitumbukiza gumba lake ndani.

Jioni moja Bi Kanga alirudi nyumbani, akamfunika kifaranga wake kwa mbawa zilizojaa vumbi la pilipili. Kifaranga akalia, macho yakavimba, sauti ikamkauka. Jirani yake, Mbuzi, akaleta maziwa. Wakamwosha, wakamwosha, wakamwosha, mpaka akafumbua macho.

"Leo amepona," alisema Bi Kanga. "Kesho je?"

Kulipokucha akamwendea Fisi. "Bwana, tunaomba maji ya kunawa na kibaba kamili."

Fisi akacheka. "Mimi? Si mimi! Mnunuzi ni Tembo, na bei yake haitoshi hata kamba ya ndoo. Muulize Tembo."

Tembo alikuwa tajiri wa mjini. Pilipili zote za bonde lile ziliuzwa sokoni kwa jina lake. Bi Kanga akatembea mpaka kwenye ghala lake.

"Hodi, tajiri. Vibarua tunaumia."

"Pole, mama. Lakini mimi? Si mimi! Mimi nanunua pilipili tu, vibarua siwajui. Muulize Fisi."

Akarudi kwa Fisi. "Si mimi! Muulize Tembo."

Siku ya gulio Bi Kanga akafika tena mlangoni kwa Tembo. Kabla hajabisha hodi nguvu zikamwishia, akaketi chini akalia. Mashavu, mwanamke muuza bajia, alikuwa akitoka na kikapu chake cha pilipili.

"Shoga, kulikoni? Umefiwa?"

"Sijafiwa, dada. Ni hizo pilipili ulizobeba." Akamsimulia yote.

Mashavu akageuka, akakibwaga kikapu miguuni pa Tembo. "Chukua mwenyewe!"

"Nimekosa nini? Vibarua si wangu!"

"Na pilipili ni za nani?"

"Zangu."

"Basi na machozi yake ni yako."

Wanunuzi wengine waliposikia, nao wakarudisha vikapu vyao. Tembo akafura kwa hasira. "Twende huko shambani, nikawaonyeshe kuwa huyu mwongo!"

Walifika jua likiwa la utosi. Tembo akainua gunia, likapasuka, vumbi likamwingia mkongani. Chyaa! Chyaa! Chyaa! Akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka.

"Maji! Nileteeni maji!"

"Hayapo, tajiri," alinong'ona Fisi.

Vibarua wakatazamana, wala hakuna aliyecheka. Bi Kanga akakimbia kwa Mbuzi, akarudi na maziwa.

"Inama, baba."

Akamwosha taratibu, kama alivyomwosha mwanawe. Tembo akafumbua macho, akauliza:

"Nyinyi mkiwashwa hivi, huwa mnafanyaje?"

"Huwa tunalia, huku tunachuma."

 Tembo akachimba kisima pale shambani kwa pembe zake mwenyewe. Akapandisha bei, akamwambia Fisi, "Kuanzia leo, kibaba watakishika vibarua wenyewe. Kikipungua, sinunui."

"Na bei yako ikipungua?" aliuliza Fisi.

Akajibu Bi Kanga: "Tutakuja sote mlangoni kwake."

Msimu uliofuata Tembo akaleta salamu kwamba atamtuma mjumbe aje kutazama hali ya vibarua. Bi Kanga akamrudishia jibu: "Mjumbe ataona kisima tu. Njoo mwenyewe, uchume japo kikapu kimoja."

Tembo akaguna, akanung'unika, kisha akavaa kofia pana, akaja. Alichuma vibaya, akavunja matawi, lakini kikapu kikajaa. Na tangu hapo, Fisi akisema "si mimi", Tembo humjibu, "Ni mimi na wewe."

Hapo ndipo hadithi yangu inapoishia. Funikeni moto, tukalale.