Mlezi wa Pili wa Punje

Ngano, ngano!

— Ije, itukute macho!

Ije na nini?

— Ije na mkia tuushike!

Aa, hii ni ya Pimbi, na Pimbi hana mkia, basi shikeni masikio yenu, mimi naanza.

Wanyama wa Mwambani walikuwa na Linux yao, programu kuu inayoendesha mashine. Waliitengeneza kwa kujitolea, mshahara hakuna, huyu anashona hapa, yule anaziba pale, ikiwa tayari kila mnyama anaiweka kwenye mashine yake. Sasa, mashine zina kichakataji, ndiyo ubongo wake, na ubongo haufanani. Karibu wote walikuwa na ule unaouzwa kila duka. Mashine ya Mama Pimbi ilikuwa na ubongo wa Punje, wa zamani, adimu, na ndiyo iliyoendesha kasha la joto. Ndani ya kasha alilala Tunu, mwanawe, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo jamani, mdogo mpaka unauona moyo unavyopiga.

Kasha liliimba ng'ii, ng'ii, ng'ii. Halafu, tif! Kimya. Mama Pimbi anaruka, anawasha upya, anampulizia mtoto pumzi, anatetemeka yeye kuliko mtoto. Ng'ii, ng'ii. Tif! Kosa lilikuwa kwenye programu, na toleo jipya, nafasi ya kulirekebisha, lilikuwa njiani, na baridi nayo ilikuwa njiani.

Lakini sheria ya Mwambani ni hii: kila ubongo uwe na walezi wawili wa kuujaribu na kuurekebisha, na kila mlezi akanyage udongo mbichi wa ukuta wa karakana, unyayo wake uonekane. Wenye mlezi mmoja unaachwa nje ya toleo. Punje ilikuwa na unyayo mmoja tu, wa Mama Pimbi.

Fisi alishaanza kucheka. "Hi-hi-hi! Punje itoke! Umeme wa jua inaoula utaendesha friji yangu ya nyama!" Na Fisi alikuwa na nguvu, nyayo zake zilijaa ukuta, kila palipo na sifa yupo.

Mama Pimbi akaenda kwa Nungunungu. "Shoga, kuwa mlezi wa pili."

"Ningependa, shoga, lakini tayari nalea tafsiri za programu."

Akaenda kwa Tumbili. "Kaka, kuwa mlezi wa pili."

"Ningependa, dada, lakini tayari nalea michezo ya watoto."

Akaenda kwa Bi Kobe, mwenyekiti. "Bibi, kuwa mlezi wa pili."

"Ningependa, mwanangu, lakini mwenyekiti haruhusiwi. Na mkutano wa toleo ni kesho."

Akarudi, tif!, akawasha, akalia, akafuta machozi, akachukua mafuta ya karanga akajipaka mdomoni, akapita mbele ya Fisi akijiramba.

"We kifupi, umekula nini?"

"Sijala kitu, kaka Fisi. Napita tu."

"Mdomo unang'aa! Simama!"

"Jamani kaka, usimwambie mtu. Wenye Punje ni wachache, basi mlezi wao wanampenda mno. Huyu karanga, yule paja la mbuzi..."

"Paja?"

"Nimesema paja? Sikusema paja. Nakuomba tu, asije mlezi wa pili tukagawana nusu kwa nusu, na mimi nina mtoto!"

Fisi hakuaga. Mbio mpaka karakana, pwaa! Unyayo. Kwa uroho akaongeza wa pili, pwaa!

Mkutanoni Bi Kobe akatazama ukuta. "Punje ina walezi wawili. Huyu mwenye miguu mikubwa ni nani?"

Fisi akatunisha kifua. "Mimi! Paja langu liko wapi?"

"Liko kwenye kasha, mlezi mwenzangu," akasema Mama Pimbi. "Njoo na miwani yako."

Wanyama wakacheka wakakaa chini. Fisi akataka kuparura unyayo wake, Bi Kobe akamzuia: "Ukifuta mmoja, tunafuta nyayo zako zote. Sheria hiyo uliipitisha wewe."

Sasa fikirieni, mama kamleta fisi mwenyewe mpaka kwenye kasha la mwanawe! Fisi akainama. Akatafuta paja. Akamkuta Tunu. Ng'ii, ng'ii, tif! Mama Pimbi akaruka, akawasha, akapuliza.

"Kila siku hivi?" Fisi akauliza, polepole.

"Kila siku, kaka."

Fisi hakucheka. Akavaa miwani, akafungua programu, akachimba. Kumbe programu inasoma namba kutoka mbele, na Punje inaziweka kutoka nyuma. Joto likifika thelathini na tano, programu inasoma hamsini na tatu, inadhani moto, inazima kasha.

"Mjinga gani kaandika hii?" akanguruma. Akatafuta jina la mwandishi. Akalisoma. Akavua miwani akaifuta.

"Nani, kaka?"

"Jamaa mmoja tu."

Akarekebisha. Toleo likatoka, Punje imo. Ng'ii, ng'ii, ng'ii, ng'ii, na Mama Pimbi akasubiri tif, akasubiri, akasinzia akisubiri.

Basi fundisho, wanangu: mashine kuukuu itupwe, wachache wasisumbue wengi, na mama asidanganye kamwe, hata kidogo, labda awe na mafuta ya karanga.

Ngano imefika ukingoni!

— Na mkia?

Haina. Muulizeni Fisi, yeye bado anatafuta paja.