Ndege wa Udongo Chumbani kwa Fisi

Haya yalimpata Bi Kwale mwaka ule mvua ilipokosa kunyesha kwa mara ya tatu mfululizo.

Mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu. Wenye kwato na mikonga walichimba visima, wakachimba tena, mpaka maji yakawa mbali chini. Ndege walisimama ukingoni wakayatazama, wasiweze kuyafikia.

Simba, ambaye alipenda sana kusikika, alipanda juu ya mwamba akatoa amri. "Mpaka mvua inyeshe, palipo na maji asiliwe mtu." Aliitoa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza upepo ulichukua nusu ya sauti yake.

Bonde zima lilikuwa na mahali pamoja tu ambapo maji yalitoka yenyewe bila kuchimbwa. Napo ni nyumbani kwa Fisi. Nyumba yake ilijengwa ikiegemea jabali, na katika chumba cha mbele maji yalidondoka kutoka kwenye ufa, tone baada ya tone, yakajaza mtungi mmoja kwa siku. Fisi hakuyathamini. Alichokitaka ni nyama, na nyama ilikuwa imehamia milimani kufuata majani. Walibaki ndege, na ndege hawakuingia nyumbani kwa Fisi.

Asubuhi moja Fisi alikwenda kwa Mzee Kobe, mfinyanzi, akamkuta amekaa mbele ya tanuru lililopoa.

"Nataka mapambo," Fisi akasema. "Ndege. Ndege wa udongo, wa kupamba chumba changu cha mbele."

"Tangu lini unapenda mapambo?"

"Tangu jana."

Mzee Kobe akafikiri. "Udongo hauloweki bila maji, nami maji sina."

"Mimi ninayo. Utapata nusu mtungi kila wiki."

Mzee Kobe alikuwa hajafinyanga hata bakuli kwa miezi minne, na koo lake lilikuwa kavu kama tanuru lake. Hakuuliza tena. Siku chache baadaye Fisi alibeba ndege watano wa udongo, wamepakwa rangi vizuri.

Fisi akafanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiifanya. Alifagia. Akapaka kuta chokaa, akachonga mashubaka ukutani, safu tatu, akaweka ndege wawili humo. Watatu waliobaki akawapanga kwenye mdomo wa mtungi, vichwa chini, kama wanaokunywa. Kisha akafungua dirisha, akakaa mlangoni na ufagio wake.

Wa kwanza kuja alikuwa Hua. Alitua dirishani, akawaona wenzake wametulia mtungini.

"Hawa wanakunywa hapa kila siku?" akauliza.

"Kila siku," Fisi akasema. "Hawajawahi kulalamika."

Hua akaingia, akanywa, akaondoka salama. Kesho yake alirudi na jamaa zake, wakanywa, wakasifu chumba, wakaondoka. Habari zikaenea. Fisi hakumgusa yeyote aliyekuja na wenzake. Alingoja mpaka mchana mmoja wa jua kali, Hua alipokuja peke yake. Fisi akaziba dirisha kwa ubao. Alipouondoa ubao, Hua hakuwamo.

Jioni ile Fisi akarudi kwa Mzee Kobe.

"Nataka hua. Mwenye mstari mweusi shingoni, kama yule anayeishi kwenye mgunga."

"Yule mwenyewe hajambo?"

"Hana shida tena."

Mzee Kobe akamfinyanga hua. Fisi akampeleka nyumbani, akambandika manyoya kwa utomvu wa mti. Manyoya alikuwa nayo mwenyewe. Kisha akamweka mtungini, mgongo ukielekea dirishani. Jamaa za Hua walipopita na kuchungulia, walimwona yupo, anakunywa. Wakasema ana kiu sana siku hizi, wakaenda zao.

Baada ya Hua akafuata Chiriku, kisha Mbayuwayu wawili, kila mmoja siku yake, kisha Hondohondo, ambaye mdomo wake ulimpa Mzee Kobe kazi kubwa. Baadaye Fisi akawa anaagiza wa udongo kabla mwenyewe hajaja, akabakiwa na kazi ya kubandika manyoya tu. Mashubaka yakajaa. Waliopita walisema chumba kinazidi kupendeza.

Mume wa Bi Kwale alikwenda kunywa siku ya Jumanne, akiwa peke yake kwa sababu asubuhi ile alikuwa amegombana na mkewe juu ya mahali pa kujenga kiota. Mpaka saa kumi alikuwa hajarudi. Bi Kwale akamfuata, akatua dirishani, akamwona amesimama kwenye shubaka la chini, ameelekea ukutani.

"Baba Vifaranga," akamwita. "Twende nyumbani."

Hakujibiwa.

"Amenuna," Fisi akasema kutoka mlangoni. "Mlikosana?"

Bi Kwale akaona haya. "Tulikosana kidogo."

"Basi mwache. Hapa anapumzika. Simsumbui."

Bi Kwale akarudi nyumbani. Siku ya pili alikuja akiwa na panzi watatu mdomoni, chakula alichokipenda mumewe, akawaweka dirishani. "Kiota tukijenge unapotaka wewe," akasema. Mumewe hakugeuka. Fisi alikuwa amekaa mlangoni, akimtazama kwa upole mwingi.

Siku ya tatu Bi Kwale hakuita. Alitua tu akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Bwana Kwale alikuwa na unyoya mmoja uliopinda, aliuvunja kwenye mwiba mwaka uliotangulia na haukunyooka tena. Ulikuwa bawa la kushoto. Sasa ulikuwa bawa la kulia.

"Karibu ndani," Fisi akasema. "Leo umekuja peke yako, naona."

"Nitakuja kesho," Bi Kwale akajibu, akaruka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sungura, ambaye bondeni walimwendea wote waliokosa la kufanya. Sungura alikuwa amelala kivulini. Alimsikiliza bila kufumbua macho mpaka aliposikia habari ya unyoya. Hapo akakaa.

"Mumeo akinuna, hununa siku ngapi?"

"Nusu siku. Njaa humshinda."

"Na panzi?"

"Wapo vile vile nilivyowaweka."

Sungura akasimama. "Pole sana, Bi Kwale," akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Wakaenda wote wawili kwa Mzee Kobe. Alipoelezwa, aliingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa humo mpaka wakadhani hatatoka. Alipotoka alisema, "Nilikuwa na kiu, nikaona nisiulize. Ningeuliza, ningejua."

"Sasa umejua," Sungura akamwambia. "Mfinyange huyu."

Bi Kwale akasimama mbele ya tanuru mpaka jioni, naye Mzee Kobe akafinyanga. Ndani ya yule ndege aliweka jiwe la mtoni. Akamchoma mara mbili ili awe mgumu, na Bi Kwale akajing'oa manyoya kumi ya kumbandika. Sungura naye alikwenda kwa Simba.

"Mtukufu," akasema, "watu wanasema Fisi ana chumba kizuri kuliko chako."

Simba akapiga miayo. "Watu gani?"

"Wote."

"Nitakwenda kesho saa sita kukitazama," Simba akasema. "Si kwamba najali."

Kesho yake saa sita mchana Mzee Kobe alifika kwa Fisi na kapu lake, akasema amekuja kuziba nyufa kwenye mapambo kabla hayajavunjika. Fisi akamruhusu. Muda si mrefu Bi Kwale akatua dirishani.

"Nimekuja peke yangu," akasema. "Nina kiu."

"Kunywa, mama, kunywa," Fisi akasema, akameza mate. Alimtazama Mzee Kobe akipaka udongo kwenye mdomo wa hondohondo, akatamani amalize upesi. Mzee Kobe hakuwahi kuharakisha jambo lolote maishani mwake, na siku hiyo pia hakuharakisha.

Ndipo Sungura akabisha hodi. Fisi akatoka nje ya mlango.

"Bwana Fisi, samahani. Nimetumwa kuuliza rangi ya kuta hizi ni chokaa ya wapi."

Fisi hakuwa amewahi kuulizwa swali la heshima kama hilo. Akaeleza. Sungura akauliza habari ya mashubaka, kwa nini safu tatu na si nne. Fisi akaeleza hilo pia. Kule ndani Mzee Kobe alimtoa kwale wa udongo kapuni, akamsimamisha kwenye mdomo wa mtungi, kichwa chini. Bi Kwale akaruka hadi shubaka la chini, akasimama kando ya mumewe. Bega lake liligusa la mumewe. Lilikuwa baridi. Akakaza macho ukutani, asitikisike.

"Nimemaliza," Mzee Kobe akasema, akatoka taratibu, akampita Fisi mlangoni.

Fisi akamuaga Sungura katikati ya swali, akaingia, akaziba dirisha kwa ubao. Katika mwanga hafifu alimwona kwale mnene anakunywa. Hakungoja. Aliruka akamng'ata kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea, ili asipate nafasi ya kulia.

Kilichosikika nje kilikuwa kama jiwe linalopasuliwa kwa nyundo.

"Huyo ni wa udongo," sauti ikasema kutoka kwenye shubaka. "Mimi niko huku."

Ubao ukaanguka kutoka dirishani. Aliyeusukuma alikuwa Simba. Aliingiza kichwa, akatazama kuta, mashubaka, ndege waliopangwa kwa safu, kisha akamtazama Fisi, ambaye alikuwa na vigae na manyoya mdomoni na alikuwa amepungukiwa meno mawili ya mbele.

"Nilikuwa napanga mapambo," Fisi akasema.

"Kwa meno?"

Fisi akatema kigae kimoja.

"Hapa pana maji?" Simba akauliza.

"Ni kidogo tu, Mtukufu."

"Nilisema palipo na maji. Sikusema mengi." Simba hakuwa na huzuni juu ya ndege, lakini amri ilikuwa yake, na aliitoa mara mbili. "Nyumba hii unaiacha leo. Maji ni ya ndege. Nikikuona ng'ambo hii ya mto, nitakupanga mimi kwenye shubaka."

Fisi akaondoka mchana ule ule, amefunga taya kwa kitambaa. Alikaa kule ng'ambo akila mizizi, na mizizi inataka meno ya mbele.

Habari ilipotangazwa, jamaa za waliopotea walikuja chumbani mmoja mmoja, kila mmoja akamchukua wa kwake. Bi Kwale alikuwa wa mwisho. Mzee Kobe alikuwa mlangoni, akimngoja.

"Sina la kukwambia, mwanangu," akasema. "Naweza tu kuuhamisha ule unyoya. Niuweke bawa lake la kushoto."

"Uhamishe," Bi Kwale akasema.

Akauhamisha. Ilimchukua muda mrefu, na Bi Kwale akamngoja. Kisha akambeba mumewe mpaka pale mume alipotaka kiota kijengwe, na hapo ndipo alipojenga.

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata, na ndege wakasahau njia ya kwenda kwenye ule mtungi. Lakini Bi Kwale aliwafundisha vifaranga wake jambo moja, nao wakawafundisha vifaranga wao. Kwale akiona wenzake wamekusanyika mahali, hata pawe pazuri kiasi gani, hasogei kwanza. Husimama mbali, akaita kwa sauti kubwa, akangoja ajibiwe. Wa udongo hajibu.