Kiulize Kilima cha Kwenu

"Ukichagua gia, kiulize kilima cha kwenu." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia Limbu maneno hayo, kwa kuwa Limbu anataka shule ya bweni ya mbali kwa sababu tu basi la huko lina viti vya kulala. Mmecheka, kisha mkauliza gia na shule vinahusiana nini. Haya, acheni kusukumana, msikilize. Chanzo chake ni hiki.

Kwenye vile vilima vya mawe vya Mwanza, ambavyo nyumba zimeviparamia kama mbuzi, aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Kabula. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye karakana moja huko chini mjini, karibu na soko. Mumewe alifanya kazi migodini Geita, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kabula alikaa na mama mkwe wake, Bi Nyamizi, pamoja na mtoto wake wa kwanza, Ngasa, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, Kabula alirudi kazini, na tabu ikaanzia hapo. Ngasa alikataa chupa. Akakataa kikombe, akakataa kijiko. Alimtemea bibi yake maziwa kifuani, kisha akafumba mdomo wake kabisa. Alichotaka yeye ni titi la mama yake, basi. Kazini walimruhusu Kabula kutoka mchana kwenda kunyonyesha, lakini kwa miguu ruhusa yote iliishia njiani. Na kupanda bodaboda kila siku, kwenda na kurudi, ujira wa sindano haukuweza.

Bi Nyamizi hakuwa mkwe mkorofi. Ila alikuwa na macho, na macho yake yalimwona mjukuu akipungua. Siku moja akasema taratibu, "Mama Ngasa, kule Magu mke wa shemeji yako ananyonyesha, na maziwa anayo tele. Ikishindikana hapa, nitampeleka mtoto huko."

"Ndiyo, mama," Kabula akaitikia, kwa kuwa neno lile lilikuwa la haki. Lakini moyo ulimuuma. Mtoto wake wa kwanza akakulie kwenye titi la mwingine, aje amwite yeye shangazi!

Akaamua kutafuta baiskeli. Siku hizo fundi mmoja, Bundala, aliyekuwa mwendeshaji wa mashindano katika ujana wake, aliuza baiskeli nyepesi za mtumba zisizo na friwili. Baiskeli ya aina hiyo ina gia moja tu, na pedali zake hazipumziki: gurudumu likizunguka, miguu nayo izunguke, utake usitake. Wengi ziliwatisha. Kabula hazikumtisha, maana cherehani ya kukanyaga haiko mbali na hapo, na miguu yake ilikuwa imeizoea tangu usichana. Shida ni kwamba gia hiyo moja haina mwenzake wa kukuokoa njiani. Ukiikosea, umeikosea kila siku.

Bundala akamwekea mezani gia mbili za nyuma. Moja ilikuwa na meno kumi na matano: ngumu kuanza, lakini kila pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu na zaidi. Nyingine ilikuwa na meno ishirini: laini, gurudumu mara mbili na ushei.

"Jaribu mwenyewe, dada," akasema.

Alijaribia wapi? Pale pale nje ya duka, kwenye lami tambarare iliyonyooka hadi stesheni. Ile ya ishirini ilimhangaisha miguu bila kumfikisha mbali. Ile ya kumi na tano iliruka naye. Upepo ukamvuma masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue Kabula akahisi kuwa mwili ule ni wake. Vijana wa kijiweni wakapiga miluzi. "Mama Ngasa, hiyo ndiyo yenyewe! Ile nyingine waachie wazee wa mkaa!" Bundala naye akaafiki, maana aliyewahi kuwa bingwa ni bingwa hadi kaburini. Ikafungwa ya kumi na tano. Hakuna aliyetaja kilima.

Asubuhi Kabula aliteremka kazini kwa raha zake. Mchana, alipoanza kupanda, pedali ziligoma. Alizisimamia kwa uzito wake wote. Baiskeli ikajikokota, ikasita, ikataka kurudi nyuma pamoja naye. Akashuka, akaisukuma. Alifika amechelewa, akamkuta Ngasa amelia hadi amelala. Akamtia titi mdomoni. Mtoto akavuta kidogo, akalala tena, na muda wa kurudi kazini ukawa umefika.

"Miguu itazoea," akajipa moyo. Haikuzoea. Ilikuwa vilevile kesho yake na siku zilizofuata, mpaka magoti yakavimba. Kisha mchana mmoja akaukuta mfuko wa nguo za Ngasa umefungwa, umewekwa mlangoni.

"Keshokutwa naondoka naye," alisema Bi Nyamizi bila kumtazama. "Usinichukie, mwanangu. Mtoto akinifia mikononi, mumeo nitamwambia nini?"

"Sikuchukii, mama," alisema Kabula, na machozi yakamdondokea mtoto kichwani.

Jioni, alipotoka kazini, alikwenda moja kwa moja kwa Bundala.

"Fundi, baiskeli yako inaninyang'anya mtoto."

"Baiskeli yangu? Dada, gia ile ni ya mabingwa!"

"Bingwa anakaa wapi?"

"Mimi? Si hapa nyuma ya stesheni."

"Mimi nakaa kule." Kabula akanyoosha kidole juu, kwenye mawe. "Twende ukaipande. Na ile gia nyingine uibebe."

"Haitahitajika."

"Ibebe tu, fundi."

Bundala alianza kwa mbwembwe. Kwenye kona ya kwanza akainuka kitini. Kwenye ya pili mishipa ya shingo ilimtoka, baiskeli ikasimama kabisa, akashuka na kukaa juu ya jiwe akihema. Wanawake waliokuwa bombani wakaangua kicheko. Mzee wa watu hakukasirika.

"Nisamehe, dada," akasema pumzi ilipomrudia. "Nilikupa gia niliyoipenda mimi. Ilitupasa tuje kukiuliza hiki kwanza." Akalipigapiga lile jiwe.

Hapo hapo akatoa spana, akabadilisha gia, akaiongezea cheni pingili, maana gia kubwa zaidi hutaka cheni ndefu zaidi. Kabula akapanda. Jasho lilimtoka, msidhani ilikuwa mchezo, lakini pedali zilikubali, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mlangoni kwao.

"Umepanda mpaka juu?" Bi Nyamizi alishangaa.

"Mpaka juu, mama. Nipe mchana wa kesho tu."

Bi Nyamizi alifikiri. "Wa kesho tu," akasema.

Asubuhi, mteremkoni, miguu ya Kabula ilizunguka kwa fujo, na kijiweni wakavunjika mbavu. "Mama Ngasa, unashona gauni la nani?" Aliona aibu, akapita bila kusimama. Mchana, kabla hajamaliza kona ya mwisho, alisikia kilio. Hajawahi kufurahia kilio kama kile: Ngasa alikuwa macho, tena ana njaa! Akakaa kizingitini, baiskeli ameitupa chini, na mtoto akanyonya kwa pupa, akapaliwa, akanyonya tena, amemng'ang'ania kidole. Bi Nyamizi aliwatazama hadi mtoto aliposhiba akabeua. Kisha akafungua ule mfuko na kuanza kuzirudisha nguo ndani ya nyumba, moja moja.

Aliporudi mjini, vijana wakamdaka tena. "Kumi na tano umeitupa, Mama Ngasa? Umekwisha!"

Safari hii alibana breki akasimama. Blauzi yake ilikuwa na alama ya maziwa kifuani, wala hakujisumbua kuificha.

"Nyinyi mnakimbilia stesheni," akawaambia, "mimi namkimbilia mwanangu." Kisha akaongeza neno ambalo Bundala, aliyekuwa mlangoni pake, alilidaka akawa anamwambia kila mteja kabla ya kushika spana, wateja wakalipeleka sokoni, na soko likalifikisha hadi hapa kwenu:

"Ukichagua gia, kiulize kilima cha kwenu."