Binti Harithi na Radhi Iliyochelewa

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi ya wasimulizi, kwamba katika kitongoji kimoja cha Wasit, nchi ya Iraki, aliishi kijana mchamungu aliyeitwa Mundhiri bin Rafii. Kazi yake ilikuwa kufuma majamvi ya matete, na sifa yake ilikuwa kutoa. Maskini hakupita mlangoni pa msikiti wao akaondoka mikono mitupu iwapo Mundhiri alikuwa ameketi pale. Wazee walimtaja katika dua zao, na wenye mabinti walimtazama kwa jicho la matumaini.

Aliyeolewa naye ni Lubaba binti Harithi. Mama yake alikwisha kufariki, na baba yake alimlea katika heshima na elimu. Siku ya posa majirani walimwambia mzee Harithi, "Umepata mkwe ambaye wenzako wamemwomba kwa Mola miaka mingi." Lubaba akaingia nyumbani kwa mumewe mwishoni mwa mavuno ya tende, akiwa na sanduku dogo la nguo na shuka moja nzito ya sufi, nyekundu kama komamanga lililoiva. Shuka hiyo aliifuma marehemu mama yake katika mwaka wa mwisho wa uhai wake. Aliifuma huku akikohoa, akisema, "Harusi yako sitaiona mwanangu, lakini nitakuwa nimekufunika."

Lubaba alidhani kuolewa na mtu wa ibada ni kuishi karibu na maneno yake mazuri. Akakuta kwamba maneno yale yalibaki msikitini. Mundhiri hakumpiga wala hakumtukana. Aliingia, akatoa salamu, akala matonge mawili, akamshukuru Mola wake, akainuka. Mikate ilipotoka tanurini aliichukua ingali moto akawapelekea wahitaji, na mara nyingi mkewe aliyeisaga shayiri na kuukanda unga alibaki na tende tatu na maji. Naye alijilaumu. Alikuwa akisema moyoni, "Huu ndio uchamungu, na mimi ndiye nisiyeufikia."

Ukaja msimu wa baridi. Siku moja baada ya Alasiri Lubaba alirudi kutoka kisimani, akaitua mitungi yake, akaona pembe alimoiweka shuka yake iko tupu. Akamwuliza mumewe.

"Nimempa mja wa Mwenyezi Mungu aliyekuwa akitetemeka mlangoni pa msikiti," akajibu Mundhiri.

"Ile ilikuwa kazi ya mikono ya mama yangu."

"Basi mama yako amepata thawabu," akasema, akainuka kwenda kutia udhu.

Asubuhi yake wanawake kisimani walimzunguka wakimpa pongezi. "Mke wa Mundhiri, una bahati! Jana mumeo kaitoa shuka yake mwenyewe akamfunika mgeni, naye akabaki na kanzu moja." Lubaba alijaza mtungi wake, akajitwisha. Alipofika nyumbani akamwambia mumewe, "Watu wanasema shuka ile ilikuwa yako."

"Hawakuuliza," akasema Mundhiri, na mikono yake ikaendelea kufuma.

Yule mgeni alikwisha kuondoka na msafara wa Basra, na shuka ikaenda naye. Msimu ule wote Lubaba alijifunika nguo zake mbili, moja juu ya nyingine. Alisaga shayiri, na jiwe lilipozunguka lilikuwa kana kwamba linamrudishia neno lile: hawakuuliza, hawakuuliza. Akaona uchungu unamfuata hadi kwenye mswala. Mumewe alipoinua mikono kuomba, yeye aliitikia amina kwa ulimi, na moyo wake ulikuwa umekaa mbali, umemgeuzia mgongo.

Ulipofika wakati wa joto la kwanza, msimamizi wa mali za mayatima wa kitongoji kile alifariki. Mayatima walikuwa kumi na mmoja, nao walikuwa na mitende, nyumba na mifugo. Kadhi akatafuta mwaminifu wa kuwasimamia, na mji mzima ukataja jina moja. Lakini kadhi yule, Mola amrehemu, alikuwa na ada yake: hakumkabidhi mtu amana mpaka awe ameulizia habari zake kwa anayekula naye chakula. Akamwambia Mundhiri, "Dada yangu atakuja kwako kesho kuzungumza na mkeo."

Mundhiri akamfikishia Lubaba habari hiyo.

"Nimwambie nini?" akauliza Lubaba.

"Mwambie unayoyajua," akajibu, naye hakuwa na wasiwasi wowote. Hakujijua kuwa na kosa, na hilo ndilo lililomwuma Lubaba kuliko yote.

Lubaba aliketi peke yake akajihoji. Alifunzwa kwamba mke ni sitara ya mumewe. Alifunzwa pia kwamba anayeuficha ushahidi wakati wa haja amedhulumu. Akajiuliza, "Je, ni mayatima ninaowahurumia, au ni shuka yangu ninayoililia?" Akautafuta mpaka baina ya mambo hayo mawili ndani ya nafsi yake, asiuone. Basi akaazimia jambo moja: atasema aliloliona kwa macho yake, hataongeza neno.

Dada wa kadhi, Bi Sahla, alikuwa mjane mtu mzima, mchache wa maneno. Aliketi, akaletewa maji, akauliza.

Lubaba akamwambia, "Mama, waniuliza kama mgeni wangu au kama mjumbe wa kadhi?"

"Kama mjumbe wa kadhi, binti yangu. Na nyuma yangu wamesimama watoto kumi na mmoja."

"Basi mume wangu ni mtu wa swala. Sijamsikia akisema uongo, wala hajanigusa kwa ubaya. Hajilimbikizii chochote. Lakini akiona kitu na akaona mwenye haja, haulizi kitu ni cha nani. Alitoa changu bila idhini yangu, akasifiwa kwacho, akanyamaza. Akiwa na mali ya mayatima mkononi, na maskini amesimama mbele yake, sijui atafanya nini. Naapa sijui."

Bi Sahla akamwambia, "Wajua neno hili litakufanya nini humu ndani?"

"Najua, mama."

"Na umeolewa lini?"

"Mwezi wa saba huu."

Bi Sahla akashusha pumzi, akaondoka.

Lubaba hakungoja mumewe asikie kwa wengine. Alipoingia tu, akamweleza neno kwa neno alichokisema. Mundhiri alisimama na bunda la matete begani, akasahau kulitua.

"Kwa sababu ya shuka?" akasema.

"Kwa sababu hukuniuliza."

"Umenivua nguo mbele ya watu, binti Harithi."

Usimamizi ukapewa Asbagh, mkamua ufuta, mtu mkavu mwenye ulimi mkali, ambaye hakuna aliyemwalika mezani kwake. Mji ukastaajabu, kisha ukatafuta sababu, kisha ukaipata. Wanawake kisimani walianza kusogeza mitungi yao Lubaba alipofika. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Wengine hupewa neema wakaitemea mate." Hata baba yake alikuja, akaketi mlangoni kwa huzuni, akasema, "Mwanangu, ungenyamaza tu."

"Na mayatima, baba?"

Mzee Harithi akaangalia chini. Hakusema kwamba bintiye alifanya vyema. Akaenda zake.

Muda wa miezi miwili Mundhiri hakumpa mkewe ila salamu. Mwisho hasira zikamzidi, akaenda kwa kadhi, akasema, "Nimeutumia umri wangu kwa wahitaji. Imekuwaje nikataliwe kwa kauli ya mwanamke mwenye kinyongo?"

Kadhi akamwambia, "Tangu siku ile nimekungoja uje uniambie kwamba alilosema si kweli. Leo umekuja, na hata sasa hujaniambia."

Inasemekana Mundhiri alikaa pale mpaka adhana ya Adhuhuri, kisha akarudi nyumbani polepole. Akamkuta mkewe anakanda unga. Akasimama mbele yake kama anavyosimama mgeni, akasema, "Ewe Lubaba, nilikudhulumu nikaiita dhuluma yangu sadaka. Niwie radhi."

Lubaba hakuinua mikono kutoka kwenye unga. "Ukitaka radhi ya ulimi, ichukue sasa hivi. Ukitaka ya moyo, bado haimo. Sitakudanganya."

"Nataka ya moyo."

"Basi ngoja."

"Nitangoja," akasema Mundhiri.

Na akangoja. Tangu siku hiyo hakugusa mkate kabla ya kumwuliza mkewe, wala hakutoa tende moja bila idhini yake. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, alisimama kizingitini akauliza neno moja tu: "Bado?" Naye akajibu, "Bado." Lilikuwa neno la kweli.

Watu wakaona mkono wake umepungua, wakasema mkewe amemharibu. Siku moja mlangoni pa msikiti walimsema Lubaba mbele yake. Mundhiri akasimama, akasema mbele ya wale wale waliomsifu wakati wa baridi, "Enyi jamaa, ile shuka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mke wangu, alifumiwa na mama yake, nami niliichukua bila ruhusa yake, kisha nikawaacha mnisifu. Yeye alisema kweli kwa ajili ya mayatima wenu, nanyi mkamwadhibu. Nami nikamwadhibu pamoja nanyi."

Habari zikamfikia Lubaba kabla mumewe hajarudi. Akaketi chini, akalia, na alipofuta machozi alitazama ndani ya moyo wake akaona ule uchungu umeondoka. Alikuwa amekwisha kumwia radhi.

Hapa mwalimu aliyenisimulia kisa hiki alikuwa akivuta kanzu yake magotini, ndipo akiendelea.

Ijumaa iliyofuata Mundhiri alisimama kizingitini akauliza, "Bado?"

Lubaba akasema, "Bado."

Kwa nini alisema hivyo? Yeye mwenyewe alikuja kueleza baadaye. Alisema kwamba hakuwahi kungojwa na mtu maishani mwake. Tangu aingie nyumba ile yeye ndiye aliyengoja: angoje mkate ubaki, angoje mume aongee, angoje mtu amwulize lake. Sasa mtu ambaye mji mzima ulimngoja alikuwa amesimama mlangoni akimngoja yeye, na utamu wa jambo hilo ukamshinda. Akajiambia, "Ijumaa moja tu." Ikawa ya pili. Ikawa ya tatu, akasema bado huku akificha tabasamu. Ikawa ya nne, na safari ile alimwona mumewe amekonda na ameegemea mlango, akakusudia kumwambia atakaporudi kutoka swalani.

Alirudishwa na watu wawili wamemshika mikono. Homa ya mabwawa ilikuwa imemwangusha katika safu. Lubaba alimkanda kwa maji, akamwita kwa jina lake. Siku ya kwanza alikuwa akizungumza na mama yake aliyekufa zamani. Siku ya pili alikuwa akihesabu matete. Siku ya tatu hakusema kitu. Lubaba akainama sikioni mwake akasema, "Nimekuwia radhi, Mundhiri. Nimekuwia radhi kwa moyo, tangu siku ile uliposema na watu. Imekwisha. Si bado." Akayarudia maneno hayo mpaka sauti ikamkauka. Macho ya Mundhiri yalikuwa wazi yakitazama darini, hayakugeuka. Jua halijapinduka alikuwa amefariki.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Harusi yao ilikuwa haijatimiza mwaka.

Wanawake wa kisimani wakaja kumpa pole, wamejaa aibu na majuto. Mmoja akasema, "Kweli wewe ni mwanamke wa subira." Mwingine akasema, "Wewe ni mkweli miongoni mwa wakweli. Ulisema haki juu ya mumeo mwenyewe." Hata Asbagh alimtuma mkewe na chupa ya mafuta ya ufuta, akisema mayatima wanamwombea dua.

Lubaba akainua kichwa. Angeweza kuzipokea sifa zile, na hakuna mtu duniani angejua. Akasema, "Msiniite mkweli. Nilisema kweli juu ya mume wangu, kisha nikamdanganya Ijumaa nne. Aliniomba kitu kilichokwisha kuwa chake, nami nikakificha kwa sababu nilipenda anavyokiomba. Alikufa akidhani namchukia."

Bi Sahla, aliyekuwa karibu naye, akamshika mkono. "Binti yangu, huenda alikusikia."

"Huenda, mama," akasema Lubaba. "Na huenda hakusikia. Nitaishi na zote mbili."

Akakaa eda yake, kisha akaishi miaka mingi, wala hakuolewa tena. Wanasema mtu alipomkosea na akaja kumwomba msamaha, Lubaba hakumwacha amalize sentensi yake. Alimkatiza kwa haraka, kama mtu aliyeogopa kuchelewa, na waliokuwa hawaijui habari yake walidhani ni upole tu wa tabia.

Ndugu zangu, hasa nyinyi ambao ndoa zenu bado ni changa: haki ya mwenzako haimo katika chakula na mavazi peke yake. Yamo maneno ambayo ni mali yake, nawe umeyashika tu. Mundhiri alitoa kisicho chake, akapata muda wa kutubia. Lubaba alizuia kisicho chake, na muda haukumngoja. Basi likiwamo moyoni mwako neno la radhi, lifikishe kwa mwenyewe angali anasikia, kwani kulisema sikioni mwa anayekata roho ni kazi nzito, na hakuna wa kukuitikia.